Msimamizi kanirejeshea fomu za udadisi. Nirudie au niache kazi?

Kijana wa Konde: Assalamu alaykum wadau. Mie ni mdadisi kwenye utafiti mmoja wa afya huku Micheweni. Tunapita majumbani kuangalia watu wanaponawia mikono: maji yapo, sabuni ipo? Halafu tunauliza mali: sakafu, paa, choo, redio, tivii, friji, baskeli. Sasa msimamizi kanirejeshea nyumba kadhaa, anasema majibu hayaingii akilini. Nirudie, au nitafute kazi nyengine? Usiku silali.

Ngisi Mkavu: Posho mmelipwa? Anza na hilo.

Bi Mkubwa Wete: Waalaykum salaam mwanangu. Alikuja mmoja kwangu, hata kukaa hajakaa ananiuliza nna friji. Marehemu mume wangu akiuza karafuu zake nduguye wa tumbo moja hajui kapata ngapi, leo nimwambie mtoto wa watu na kishikwambi chake?

Takwimu Tu: Hayaingii akilini vipi? Toa mfano.

Kijana wa Konde: Nyumba ya matofali, bati jipya, sakafu ya marumaru, lakini mali zote "hapana".

Takwimu Tu: Wamejibu wao au umewajazia?

Kijana wa Konde: Wao. Watu wanadhani ni orodha ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, wakituona tu tivii inafunikwa kanga. Mie naandika ninachoambiwa. Si tumefunzwa tusibishane na mhojiwa?

Mpemba wa Darajani: 😂 Tivii kuvishwa buibui!

Takwimu Tu: Sikiliza. Maswali hayo hayagawi pesa. Mvuvi na mchuma karafuu hawana mshahara wa kutaja, ndiyo maana huulizwa vitu. Kila kitu kina uzito wake, kaya zinapangwa toka ya chini mpaka ya juu, kisha zinakatwa mafungu matano sawasawa. Hapo ndipo panapotazamwa: fungu la chini wangapi wana sabuni na maji pa kunawia, fungu la juu wangapi. Ukiiteremsha nyumba ya marumaru, inateremka na sabuni yake. Na kwa kuwa mafungu ni sawa, ikiingia hiyo, maskini wa kweli anasukumwa fungu la juu yake. Kwenye karatasi pengo limepungua, na wa banda la makuti anayechota maji mbali hapelekewi kitu.

Bi Mkubwa Wete: Hapo sawa. Lakini sabuni nayo akija mgeni ndiyo inatoka chumbani.

Takwimu Tu: Ndiyo maana hatuulizi "unanawa?" Tunasema "nionyeshe unaponawia", tunatazama wenyewe.

Ngisi Mkavu: Mtoa mada, nyumba ya marumaru ya nani? Umeikariri mno.

Kijana wa Konde: Ya mama mkwe. Lakini friji lenyewe bovu wadau! Halijawashwa tokea mwaka juzi, ndani mna mashuka na vyeti vya skuli vya watoto. Na keshanambia, "mwanangu, usinitoe nje." Nishamkubalia.

Takwimu Tu: Friji lililokufa moja kwa moja ni "hapana", hapo hujakosea. Tivii?

Kijana wa Konde: Inawaka. Lakini tivii moja itabadilisha nini Zanzibar nzima? Mie nauliza tu, msimamizi anaweza kurudi kule bila ya mie?

Mzee wa Pwani: Jamani hii chai. Mdadisi gani anapangiwa shehia ya ukweni? Na sheha mbona hatajwi? Huyu ndiye msimamizi, anatupima.

Mpemba wa Darajani: Au ndiye mama mkwe.

Kijana wa Konde: Wallahi si chai. Mwenzangu aliugua, nikapewa shehia yake. Sheha alitutembeza siku ya mwanzo, kisha akenda zake shamba.

Mzee wa Pwani: Leta picha ya friji lenye mashuka.

Bi Mkubwa Wete: Mwacheni mtoto. Mwambie msimamizi nyumba ile aende mdadisi mwengine, siku hiyo wewe uwe Wete huku. Mkweo hatakuwa na la kukulaumu.

Kijana wa Konde: Hiyo nimeipenda bibi. Tatizo akiulizwa tivii ya nani atasema yangu. Mie ndiye niliyemnunulia, na mkopo wake bado naulipa.