Naangalia wachoraji kutwa nzima, mwenyewe sichori
Wakuu salama? Mi nachora tangu shule ila siku hizi nikishika simu najiambia naangalia video moja tu ya kujifunza kuweka vivuli, nakuja kushtuka bando limekata na daftari halina hata mstari. Mnafanyaje?

Jibu 1:
Mkuu ule mtelezo usio na mwisho, yaani ukisogeza kidole vitu vinazidi kuja tu, ni wa makusudi, mbunifu wa programu Aza Raskin aliubuni 2006 na baadaye mwenyewe akaujutia. We chora kwanza ndo uwashe data.

Jibu 2:
Kuangalia si dhambi jamani, sema shika penseli, simamisha video, chora, endelea. Mchoraji Edward Tingatinga alianza kuchora Dar 1968 na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, hizo tutorial aliziona wapi??

Jibu 3:
Afu posti hata ikiwa mbaya, mi walinicheka weee mpaka wakachoka wenyewe 😂

Mwenye mada:
Hiyo ya kusimamisha video naanza leo leo. Kuposti bado kwanza, mashemeji wamejaa huko wataniua kwa kicheko