mount() inanirudishia EINVAL, lakini amri ya mount inakubali. Tatizo liko wapi?

fundi_biti: Wakuu, habari zenu. Naandika kiprogramu cha C kinachotakiwa kupachika diski ya akiba chenyewe, bila mtu kugusa terminali. Mstari unaonisumbua ni huu, unaoiomba kerneli (kiini cha Linux) ipachike diski bila kuruhusu programu kuendeshwa humo (noexec) wala kupata mamlaka ya ziada kupitia setuid (nosuid):

`mount("/dev/sdb1", "/mnt/akiba", "ext4", 0, "noexec,nosuid");`

Unarudisha -1, na errno (namba ya kosa) ni 22, yaani EINVAL, hoja isiyokubalika. Nikiandika kwa mkono `mount -o noexec,nosuid /dev/sdb1 /mnt/akiba`, diski inapanda bila kelele. Diski ileile, saraka ileile. Mwongozo unataja sababu kibao za EINVAL, mpaka superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili) mbovu, sasa nawaza kuifomati diski nianze upya. Naombeni ushauri.

Chapakazi: Endesha kwa sudo mkuu, hiyo ni ruhusa tu.

mama_kerneli: Chapakazi, siyo. Ingekuwa ruhusa angepata EPERM, namba 1. Wito huu unadai mamlaka ya usimamizi iitwayo CAP_SYS_ADMIN, na asiye nayo hurudishwa kabla diski haijaguswa. Huyu mlango kashaupita, kilichokataliwa ni mzigo aliobeba.

fundi_biti, usifomati chochote. Angalia hoja yako ya tano. Kerneli haiisomi kama `-o`. Inaikabidhi kwa mfumo wa faili husika, hapa ext4, na ext4 inajua mambo yake tu, kama `data=ordered` au `errors=remount-ro`. Ikikuta `noexec` haina habari nayo, inakutupia EINVAL. Fungua dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) sasa hivi, utakuta mstari unaoitaja hiyo noexec kwa jina. Mambo ya noexec na nosuid yanakaa kwenye hoja ya nne, kama flegi:

`mount("/dev/sdb1", "/mnt/akiba", "ext4", MS_NOEXEC | MS_NOSUID, NULL);`

Amri ya mount ilikuwa inakufanyia tafsiri hiyo kimyakimya.

fundi_biti: Dada, imekubali! Na dmesg kweli imeitaja noexec. Swali la pili basi: nina faili la picha ya diski, `akiba.img`. Nikilitia kwenye hoja ya kwanza napata errno 15. Aina nikiandika "auto" napata 19.

mama_kerneli: Ugonjwa uleule. 15 ni ENOTBLK: ext4 inataka kifaa cha bloku (kama diski), wewe umempa faili la kawaida. Inabidi kwanza uombe kifaa cha lupu (kinachofanya faili lionekane kama diski) kilicho huru kupitia `/dev/loop-control`, ulifungamanishe faili nacho kwa LOOP_SET_FD, kisha umpe mount() kile `/dev/loop0` au chochote utakachopewa. 19 ni ENODEV, yaani kerneli haina mfumo wa faili unaoitwa "auto". Anayekisia aina ni amri, kwa kuchungulia alama zilizoandikwa kwenye diski. Majina yanayojulikana kwa sasa yamo ndani ya `/proc/filesystems`. Hata ukiandika `UUID=...` kwenye hoja ya kwanza itakuwa hivyohivyo, kerneli itaitafuta kama njia ya faili.

Chapakazi: Kwa usumbufu wote huo si aite tu `system("mount ...")` alale?

nyuzi_saba: Kwa skripti ya nyumbani sawa. Kwa programu inayokimbia na mamlaka ya ruti, kuita sheli kwa maandishi yaliyounganishwaunganishwa ni kutafuta balaa. Njia ya kati ipo: maktaba ya libmount, ndiyo ambayo amri yenyewe inaitegemea. Ukitaka kujua amri inafanya nini, ifuatilie kwa strace, inayoonyesha kila wito programu inaoupiga kwa kerneli. Ila ukichuja `mount` peke yake kwenye mashine mpya unaweza usione kitu. Matoleo ya util-linux (kifurushi chenye amri ya mount) kuanzia 2.39 hutumia wito mpya, fsopen, fsconfig, fsmount na move_mount, uliopo kwenye Linux tangu 5.2 ya mwaka 2019. Hivyo vichuje vyote. Uzuri wake, kosa likitokea unaweza kusoma maelezo kutoka kwenye kile fd (namba ya faili lililofunguliwa) cha fsopen, badala ya kupewa 22 kavu.

fundi_biti: Nimekaa na libmount kwa lile faili la img, kwa diski nabaki na wito wenyewe. La mwisho: nataka `/mnt/akiba` ionekane pia `/srv/soma`, ila ya kusoma tu. Nimeweka MS_BIND | MS_RDONLY, imerudisha 0, lakini bado naandika humo kama kawaida!

nyuzi_saba: Hapo wengi wanaumia, maana hakuna kosa linalotajwa. Ukiweka MS_BIND (kuonyesha saraka mahali pengine), flegi nyingine hupuuzwa isipokuwa MS_REC (kuchukua na vilivyopachikwa ndani yake). Piga mara mbili:

`mount("/mnt/akiba", "/srv/soma", NULL, MS_BIND, NULL);`
`mount(NULL, "/srv/soma", NULL, MS_REMOUNT | MS_BIND | MS_RDONLY | MS_NOEXEC | MS_NOSUID, NULL);`

Kwenye mstari wa pili rudia zile noexec na nosuid, kwa sababu remount (kupachika upya) inaweka seti mpya, haiongezi juu ya ya zamani. Na usisahau MS_BIND hapo, la sivyo utakuwa umeugeuza mfumo mzima wa faili kuwa wa kusoma tu, pamoja na `/mnt/akiba`. Halafu hakikisha kwa `/proc/self/mountinfo`, safu ya sita, usiiamini ile 0.

fundi_biti: Naona `ro`, `nosuid` na `noexec`. Imekaa.