Naombeni ushauri: peleti gani nzuri za kufukizia nyama? Mtandao umenichanganya

MchomajiHouston:
Wakuu habari za wikiendi. Nipo Houston, Texas, na mwezi wa pili sasa nina grili ya peleti. Kwa wasioijua, peleti ni vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ukiviona utadhani chakula cha sungura. Unavimwaga kwenye sanduku pembeni ya grili, kuna skrubu inavisukuma taratibu hadi kwenye kijungu cha moto, feni inapuliza, wewe unaweka digirii zako unaenda kulala. Ndivyo nilivyoambiwa dukani.

Sasa Ijumaa iliyopita nikaweka kidari cha ng'ombe, paundi 13, saa nne usiku, digirii 225 za Fahrenheit, nikalala kama mtoto. Saa kumi na moja naamka kuswali nakuta grili imezima zamani, nyama vuguvugu, na wageni wanakuja mchana. Wife akatupa yote hata sijamaliza kujieleza.

Peleti nilinunua za ofa, mfuko wa paundi 20, ukakaa gereji wazi kama wiki tatu hivi. Nimeingia mtandaoni kutafuta shida ni nini ndio nimezidi kuchanganyikiwa, mmoja anasema tumia mti wa matunda tu, mwingine peleti zote ni sawa unalipia jina, wa tatu anasema hata zile za majiko ya kupashia nyumba joto zinafaa. Nimwamini nani?

BabuKijiko:
Pole mwanangu. Tumia mkaa. Nyama na umeme wapi na wapi.

DadaWaDallas:
Babu acha utani mtu kapoteza kidari 😂

Kaka, kwanza shemeji alifanya sawa kutupa. Huku kanuni ya usalama wa chakula ni kwamba nyama isikae kati ya digirii 40 na 140 zaidi ya saa mbili, na wewe hujui ilizima saa ngapi. Usimnunie.

Pili, gereji wazi Houston? Hewa ya huko ni kama Tanga mwezi wa tatu. Peleti inanyonya unyevu kama biskuti iliyosahaulika mezani, inavimba, inameguka, inarudi kuwa unga. Unga ukishuka kwenye skrubu ama unakaba ama unafika kwenye kijungu kidogo kidogo moto unakosa chakula unazima. Na ukiloa kabisa humo ndani unaganda kama saruji, mimi niliwahi kuuchokoa na bisibisi Jumapili nzima.

Fanya hivi, chukua peleti moja ivunje kwa vidole. Nzuri inakatika kwa mlio, tak, na nje inang'aa kidogo. Ikipinda au ikisagika kimya kimya hiyo imeshakula maji. Halafu angalia chini ya mfuko, kukiwa na unga mwingi ama peleti ni mbovu ama mfuko umerushwarushwa sana njiani. Mimi kila mfuko naupitisha kwenye chekeche kwanza, kisha naumwaga kwenye ndoo ya galoni 5 yenye mfuniko unaobana. Mfuko wa paundi 20 unaingia humo.

Kiroboto77:
Mnamtisha bure. Mimi mwaka mzima natumia za majiko ya kupashia joto, bei nafuu na sijafa. Mbao ni mbao.

DadaWaDallas:
Kiroboto TAFADHALI. Hizo nyingi ni msonobari na jamii yake, zina utomvu, na aliyezitengeneza hakuwaza kama kuna mtu atakula moshi wake. Mabaki ya mbao yalikotoka hayakuchaguliwa kwa ajili ya chakula. "Sijafa" sio kipimo dada yangu.

Kiroboto77:
Mimi ni mwanaume 😑

DadaWaDallas:
Samahani kaka. Bado sio kipimo.

SeremalaMstaafu:
Nimefanya kazi ya mbao miaka mingi naomba niongeze kidogo. Peleti nzuri haitiwi gundi. Mti wenyewe una kitu kinaitwa lignini, unga ukibanwa kwa nguvu ukapata joto inalainika, ikipoa inashika. Kwa hiyo ukidumbukiza peleti kwenye glasi ya maji ikameguka kuwa unga usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Kuna video nimeona jamaa anafanya hilo jaribio halafu anapiga kelele peleti ni feki, na watu maelfu wamempa laiki.

Kitu cha kusoma sana ni maandishi ya mfuko. Wanaandika kwa herufi kubwa HIKORI, yaani jina la mti mmoja wa Marekani wenye mbao ngumu, halafu "asilimia 100 mbao ngumu". Mtu anasoma anajua ni hikori tupu. Hapana! Hiyo 100 ni ya mbao ngumu, maana yake hakuna msonobari humo, lakini mbao ngumu yenyewe inaweza kuwa mwaloni mwingi na hikori kidogo. Na wengine hawachanganyi hata huo mti, wanatia mafuta yenye harufu yake. Mchanganyiko sio dhambi, mwaloni unawaka vizuri na joto lake limetulia, mimi naupenda. Ila ujue unalipia nini. Ukitaka hikori tupu tafuta iliyoandikwa asilimia 100 hikori, na iwe mfuko wote unasema hivyo hata nyuma kwa herufi ndogo.

MchomajiHouston:
Mzee nimekimbia gereji kusoma mfuko sasa hivi. Nyuma: "mchanganyiko wa mbao ngumu". Mbele picha ya mti wa tufaha 😭

MwanaBaringo:
Niaje wasee. Mtu akikuambia peleti za mti wa mesquite, jua hiyo ni ndugu ya mathenge yetu, ule mti wa miiba! Ile iliyoletwa Baringo, Kenya, miaka ya 80 ikamaliza malisho, mbuzi wakang'oka meno kwa kula matunda yake hadi watu wakaenda kortini na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Texas wanailipia pesa. Lakini moshi wake uko mkali, ni ya nyama ya haraka kama steki. Ukiipea kidari masaa kumi na mbili itakuwa chungu.

BintiMuscat:
Hahaha mbuzi kibogoyo. Huku Oman watu wanataka mkaa wa msamri tu, ni mgunga huo, na kila muuzaji anaapa wake ndio wa asili. Kwa hiyo poleni, sio peleti peke yake.

DadaWaDallas:
Kaka uliuliza umwamini nani, hilo hatujakujibu. Mimi nikiangalia mtu anasifu peleti najiuliza ameonyesha majivu? Peleti ya daraja la juu inaacha majivu kidogo sana, chini ya asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo mtu aliyepika kweli mfuko mzima atakuonyesha kijungu kilivyobaki. Anayesema tu "ladha ni ya ajabu" huku chini kuna linki ya kununulia, huyo anakula kamisheni. Sio lazima awe mwongo, ila hana sababu ya kukwambia usinunue. Pia angalia anaishi wapi, mtu wa Arizona jangwani akikwambia mfuko wazi hauna shida kwake ni kweli kabisa.

Na usitegemee peleti ikupe moshi kama wa kuni, hata iwe nzuri vipi. Ukitaka moshi zaidi pika joto la chini saa za mwanzo.

SeremalaMstaafu:
Na ikizima tena usiwashe papo hapo. Toa zilizorundikana kwenye kijungu kwanza, vinginevyo zitafuka moshi mzito halafu zinalipuka mfuniko ukurukie usoni.

MchomajiHouston:
Mrejesho wakuu. Nimenunua mifuko miwili midogo, mmoja asilimia 100 hikori, mwingine mchanganyiko wa mwaloni wa bei ya chini. Nimechekecha yote, nimesafisha grili, nimepika mapaja ya kuku siku moja kwa viungo vilevile, bechi ya kwanza hikori, ya pili mwaloni, nikampa wife na jirani bila kuwaambia. Jirani kachagua hikori. Wife kachagua mwaloni anasema ile nyingine inanukia moto wa jikoni kwa bibi yake.

Zile za zamani nilizipima kwa vidole, hazikulia kabisa, zilisagika kama kashata iliyolowa. Chini ya mfuko unga kikombe kizima.

Jumamosi narudia kidari, kwa mwaloni. Ndoo ina mfuniko, na nimeweka alamu kila baada ya saa mbili.

BabuKijiko:
Saa mbili mbili usiku kucha? Si bora ungekaa na mkaa tu.