Windows au Linux Mint kwenye diski mpya: ninaomba ushauri kabla ya Jumamosi

MwalimuKayole
Hamjambo wanajukwaa. Nimenunua diski mpya ya SSD ya GB 256 kwa ajili ya kipakatalishi changu, ambacho kwa miaka minne kimekuwa kikitumia Windows 10. Kwa kuwa Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, nimeona kwamba nikifungua mashine kubadilisha diski, ni afadhali nibadilishe na mfumo endeshi papo hapo. Wenzangu katika chumba cha walimu wamegawanyika: baadhi wanasema nisakinishe Windows 11, wengine wanasema nihamie Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Ningependa kuifanya kazi hii Jumamosi, kwani wiki itakayofuata nitaanza kutunga mitihani ya mwisho wa muhula. Je, ninyi mngechagua upi?

FundiOrofaYaTatu
Karibu, Mwalimu. Swali lako haliwezi kujibiwa kwa sasa, kwa sababu hukutaja aina ya kipakatalishi, kizazi cha prosesa, kiasi cha RAM, wala umbo la diski uliyonunua. Hilo la mwisho si dogo. Kila mara ninapokea mezani pangu mteja aliyeuziwa diski nyembamba ya M.2 ya aina ya NVMe ilhali tundu la mashine yake linapokea ya SATA peke yake. Ukizitazama kwa haraka utadhani ni mapacha, lakini kompyuta haitaitambua ile isiyo yake hata ukiiwasha mara kumi. Kama yako ni ya umbo hilo, itazame kwenye meno yake ya shaba: yenye pengo moja kwa kawaida huwa NVMe, na yenye mapengo mawili mara nyingi huwa SATA. Tupe maelezo hayo kwanza.

SaibaGithurai
Naongezea swali la Fundi: unatumia programu zipi kila siku, na unachapisha wapi? Watu hulinganisha mifumo kana kwamba mfumo ndio kazi yenyewe, ilhali mtu huwasha kompyuta ili afungue programu fulani na kumaliza shughuli fulani.

MhasibuRongai
Mimi sihitaji maelezo hayo ili kutoa maoni yangu. Mwalimu, baki Windows. Shule, benki, wazazi na ofisi zote za mji huu hutumiana faili za Word na Excel, na anayehama huishia kuwa mgeni katika mazungumzo ya kila mtu.

MwalimuKayole
Niwieni radhi kwa kuyaacha hayo. Kipakatalishi ni HP EliteBook 840 G3 cha mtumba, chenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita na RAM ya GB 8. Diski mpya ni ya SATA ya inchi 2.5, umbo lile lile la diski ya zamani, ambayo ni ya kuzunguka na ina GB 500. Ninafundisha Hisabati, kwa hiyo ninatumia Word kutunga mitihani yenye milinganyo na michoro, Excel kwa alama za wanafunzi, na kivinjari kwa mengine. Uchapishaji hufanyika shuleni, na wakati mwingine saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti. Mwezi wa Juni huwa ninawasilisha ritani zangu za kodi KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

FundiOrofaYaTatu
Sasa tunaongea. Mwalimu, Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, ukiacha chache mno za kizazi cha saba, pamoja na TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta. Kizazi cha sita hakimo katika orodha hiyo. Inawezekana kukwepa ukaguzi huo kwa kuandaa flashi ya usakinishaji kwa programu ya Rufus, na mfumo utaingia na kufanya kazi, lakini Microsoft yenyewe imesema kwamba mashine isiyotimiza masharti haina hakikisho la kupata masasisho. Nimewawekea wateja kadhaa kwa njia hiyo, na kila toleo kubwa la mwaka linapofika wanalazimika kurudi kwangu ili lisakinishwe kwa mkono. Mimi hulipwa, lakini wewe utakuwa unapoteza Jumamosi zako.

Ipo njia ya tatu ambayo wenzako hawakuitaja. Unaweza kusakinisha Windows 10 ile ile kwenye diski mpya na kuiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Ada yake ni dola 30, au hulipi chochote ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kupitia akaunti ya Microsoft. Hutahitaji leseni mpya, kwa kuwa leseni ya kidijitali ya Windows 10 imefungamana na ubao mama wa kompyuta. Ukiunganisha intaneti, mfumo utajitambua wenyewe.

Ngwini
Njia hiyo ya tatu inamwongezea Mwalimu muda tu, kisha atarudi hapa na swali hili hili. Mimi nimetumia Linux Mint kwa miaka saba na ninasema bila kusita kwamba mashine yake ndiyo hasa Mint ilitengenezewa. Mint 22 ilitoka mwaka 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04, ambao ni mfumo mwingine wa Linux, na itapokea masasisho hadi mwaka 2029. Inahitaji RAM ya GB 2 tu ili iwake, na GB 4 ili ifanye kazi kwa starehe. Mwalimu ana GB 8. Isitoshe, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kugusa diski yoyote, ukajaribu Wi-Fi, sauti na kamera kabla ya kuamua. Ndani yake mna Timeshift, ambayo huhifadhi hali ya mfumo ili ukiharibu jambo urudi ulipokuwa jana.

MhasibuRongai
Ndugu Ngwini, hukumjibu Mwalimu kuhusu ritani. Fomu ya Excel inayopakuliwa kutoka iTax, tovuti ya KRA, hutegemea makro, yaani amri zilizowekwa ndani ya faili, ili ikague hesabu na kutoa faili ya kupakia. Nimeona wateja wakiifungua kwa LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, na kubaki wakibonyeza kitufe kisichoitikia. Kwangu, mfumo unaonizuia kuwasilisha ritani kabla ya tarehe 30 Juni si mfumo wa kazi.

Ngwini
Mhasibu, hoja yako ni ya kweli kwa mwenye biashara. Mwalimu ambaye mapato yake yote ni mshahara anaweza kujaza ritani moja kwa moja kwenye tovuti, ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali mfumo ulio chini yake.

SaibaGithurai
Ninyi wawili mmegusa kodi, ambayo ni kazi ya siku moja kwa mwaka. Mimi ninataka kuzungumzia mitihani. Katika saiba yangu kompyuta nne kati ya sita zinatumia Mint, na wateja wengi hawatambui tofauti yoyote. Walimu ndio hutambua. Faili ya Word yenye aya za kawaida hufunguka vizuri katika LibreOffice, na ingawa haina fonti ya Times New Roman, huweka Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana ule ule, hivyo mistari haihami. Lakini mlinganyo ukikaa ndani ya jedwali, na mchoro wa pembetatu ukiwa umebandikwa kando yake, mambo hubadilika: mchoro huteremka ukurasa wa pili, na swali la 7 hubaki bila pembetatu yake. Muhula uliopita nilikaa na mwalimu mmoja hadi saa mbili usiku tukirudisha michoro mahali pake, kwa sababu mtihani ulikuwa ufanywe asubuhi iliyofuata.

Ushauri wangu ni kwamba akihamia Mint, atunge mtihani ndani ya LibreOffice tangu mwanzo na anitumie PDF. Shida hutokea faili inaposafiri kwenda na kurudi kati ya programu mbili.

MfasiriKahawaWest
Nimesoma yote na sitashindana na yeyote kuhusu mfumo ulio bora. Ninataka kumweleza Mwalimu jambo lililonipata mimi, kwa sababu yeye pia ana diski mbili mkononi, na sioni mtu aliyemwonya.

Mwaka juzi nilinunua diski ya SSD ili niweke Ubuntu. Kipakatalishi changu kilikuwa na nafasi ya diski mbili, kwa hiyo niliiacha ya zamani yenye Windows mahali pake, nikaongeza mpya, na katika usakinishaji nikachagua hiyo mpya kwa uangalifu mkubwa. Kila kitu kilikwenda sawa. Nilifanya kazi kwa miezi miwili nikifurahia kasi yake, nikahamisha tafsiri zangu zote, kisha nikaona sina haja tena na ile ya zamani. Niliichomoa na kumpa mpwa wangu, naye akaifuta siku hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa na hati ya kurasa 60 ya kuwasilisha saa sita mchana. Niliwasha mashine, skrini ikawa nyeusi, na maandishi yakaniambia kwamba hakuna kifaa cha kuwashia mfumo. Nilikimbia mjini kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Aliiangalia kwa dakika tano na kuniambia kwamba SSD imekufa, akaniuzia nyingine, na akataka abaki na ile yangu kama taka. Nilikataa kuiacha, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikataa. Jirani yangu mwanafunzi aliiwasha kutoka kwenye flashi jioni ile, na faili zangu zote zilikuwemo, nzima, hata ile hati ya kurasa 60. Diski haikuwa na ugonjwa wowote. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba kisakinishi kiliweka mfumo kwenye diski mpya, lakini ile sehemu ndogo ya kuwashia, inayoitwa EFI, kiliiweka kwenye diski ya zamani bila kuniuliza. Nilipoitoa ile ya zamani nilikuwa nimetoa mlango wa nyumba. Mwanafunzi yule alitengeneza sehemu nyingine ya EFI kwa muda usiozidi nusu saa. Mteja alikuwa ameshampa kazi mtu mwingine.

Kwa hiyo, Mwalimu, uwe umechagua Windows au Linux, toa diski ya zamani kabisa kabla ya kuanza. Ibaki kabatini, usiifute, walau hadi muhula uishe.

FundiOrofaYaTatu
Pole sana, Mfasiri. Ulilosema ni kweli na ninalithibitisha: visakinishi vya Ubuntu vya miaka ya nyuma vilikuwa na tabia hiyo ya kutumia EFI ya diski ya kwanza hata ukichagua ya pili. Inaniuma kwamba mwenzetu wa kazi alikuuzia diski usiyoihitaji. Kabla ya kusema diski imekufa, fundi anapaswa kuisoma kwenye mashine nyingine mbele ya mteja.

Ngwini
Je, mnaonaje akiweka mifumo yote miwili? GB 256 zinatosha kugawanya: Mint kwa kila siku, Windows 10 kwa Word na ritani.

MhasibuRongai
Nilijaribu, na sipendekezi. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizuia mifumo ya Linux kuwaka katika kompyuta nyingi zenye mifumo miwili, na suluhisho kamili lilikuja mwaka uliofuata. Halafu kuna suala la saa. Linux huhifadhi saa ya UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, kwenye ubao, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, na kwa kuwa Nairobi iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kila nilipohama kutoka Linux nilikuta Windows iko nyuma kwa saa tatu. Ankara mbili nilizituma zikiwa na tarehe ya jana.

Ngwini
La saa hurekebishwa kwa amri moja tu, timedatectl set-local-rtc 1, na halirudi tena.

MamaWawiliUmoja
Samahani kwa kuingia katikati. Je, Mint ina Kiswahili? Wanangu wako gredi ya nne na ya sita, na ningependa wakute menyu kwa lugha wanayoielewa.

SaibaGithurai
Dada, unaweza kuchagua Kiswahili, lakini utakuta menyu nyingi zimebaki kwa Kiingereza, kwani tafsiri hazijakamilika. Jitihada zimekuwepo kwa muda mrefu: mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa hatujagusa kompyuta. Tafsiri hizi hufanywa na wanaojitolea, na sisi tunaolalamika ndio tunaoweza kuzimaliza.

MfasiriKahawaWest
Hilo ninalipenda sana, dada Saiba. Tulifungulie mjadala wake, nami nitaleta orodha ya istilahi. Sijaridhika bado na neno la Kiswahili la kile kipande cha diski kilichonitesa.

MwalimuKayole
Asanteni nyote. Nimeamua jambo moja tu: diski ya zamani itatoka na kukaa kabatini ikiwa na kila kitu chake. Kuhusu mfumo, nitaandaa flashi ya Mint Ijumaa jioni na kufungua mtihani wa muhula uliopita, ule wenye maswali ya trigonometria, nione michoro itakaa wapi. Ikihama sana, huenda nikarudi kwenye Windows 10 ya njia ya tatu. Sijui bado. Fundi, kuna jambo la kuzingatia ninapofungua mashine?

FundiOrofaYaTatu
Zima kabisa, chomoa chaja, kisha uchomoe waya wa betri kwenye ubao kabla ya kugusa diski. Tumia bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu, maana skrubu hizo zikiharibika vichwa ni kazi kubwa kuzitoa.

SaibaGithurai
Mwalimu, nitumie ile faili ya trigonometria leo jioni. Nitaifungua kwenye Mint zangu na kukupigia picha ya kila ukurasa.