Tupeane uzoefu: miwani ya polaraizi na skrini ya simu inayogeuka nyeusi

MiwaniKizingo
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Kaskazi imeingia, jua la Mombasa halina simile, na kila mtu mjini ana miwani usoni. Malalamiko nayo ni yale yale: mtu anatoa simu asome ujumbe wa M-Pesa, anaona kioo cheusi, anadhani simu imekufa. Simu ni nzima na miwani ni nzima. Naomba hapa tukusanye ujuzi wa wanaovishika vitu hivi kila siku: kifaa gani, kimekaaje, kinafanya nini na dawa yake ni ipi. Visa vya safari tuviache.

Naanza na kiini chenyewe. Mwanga wa jua hutikisika pande zote. Ukigonga maji, lami au boneti ya gari kwa mshazari, unaorudi machoni sehemu yake kubwa hutikisika kwa mlalo, na huo ndio mng'ao unaochoma. Ndani ya lenzi ya polaraizi kuna utando mwembamba wa plastiki aina ya PVA uliovutwa na kutiwa iodini. Utando huo unapitisha mwanga unaotikisika wima na kuuzuia wa mlalo. Ni kama kadi ya benki na tundu la ATM: mkao ukilingana inaingia, ukiigeuza robo mzunguko haiingii.

Skrini ya simu nayo ina polaraiza yake, yaani utando wa kuchuja mwanga kama ule wa lenzi, kwa hivyo mwanga wake unatoka ukiwa na upande mmoja tayari. Ukilingana na lenzi, unasoma. Ukikingama nayo, giza. Kati ya hapo kuna hesabu ya Mfaransa Étienne-Louis Malus ya mwanzoni mwa karne ya 19: tofauti ya digrii 45 inakupa nusu ya mwanga, digrii 60 robo, digrii 90 hupati kitu. Ndiyo maana kuongeza mwangaza hakumsaidii aliyekingama kabisa. Sufuri mara mbili ni sufuri. Lakini ukiinamisha simu digrii 30 tu kutoka kwenye giza unapata robo, na robo mara nyingi yatosha kusoma ujumbe.

Jaribio ni hili. Fungua ukurasa mweupe, pandisha mwangaza hadi mwisho, vaa miwani, kichwa kiwe wima. Shika simu wima, kisha izungushe polepole robo mzunguko upande wa kulia, rudi katikati, halafu kushoto. Kumbuka ilipokuwa nyeusi zaidi. Ikiwa nyeusi ukiilaza, ramani na video zitakusumbua lakini kusoma kawaida ni salama. Ikiwa nyeusi ikiwa wima, hiyo ndiyo yenye tabu zaidi. Ikiwa nyeusi ukiinamisha nusu ya njia kati ya wima na mlalo, basi wima na mlalo zote utaona sawa, ila kwa mwanga pungufu. Na ikiwa haizimi popote bali inabadilika rangi tu, hiyo haina neno.

FundiMwembeTayari
Kaka wa Kizingo umeliweka vizuri. Nyongeza yangu ni ya mezani.

Wengi husema, "Yangu ni AMOLED (aina ya OLED, skrini ambayo kila nukta hujiwakia), haina shida hiyo." Ina shida. LCD (skrini ya kioo kimiminika, yenye taa nyuma) ina polaraiza mbili, moja nyuma na moja mbele, na bila hizo hakuna picha kabisa. OLED yaweza kutoa picha bila polaraiza, lakini ndani yake kuna elektrodi za chuma zinazong'aa, na jua likiingia lingerudi lote machoni. Kwa hivyo hubandikwa polaraiza pamoja na utando mwingine wa robo wimbi, kazi yao kuufunga mwanga wa nje usitoke tena. Picha ya simu nayo lazima ipite kwenye polaraiza hiyo hiyo, ikitoka ina upande mmoja. Zipo chache zilizoacha mtindo huo: mwaka 2021 Samsung Display ilitangaza Eco² OLED, paneli isiyo na polaraiza, na ikaanza kutumika kwenye Galaxy Z Fold3.

Watengenezaji wanalijua jambo hili. Baadhi huilaza polaraiza ya mbele kwa digrii 45, wengine huongeza juu yake utando unaougeuza mwanga usiwe na upande mmoja, ili simu isomeke vyovyote inavyoshikwa. Balaa huanza skrini ikibadilishwa. Skrini ya kopi hailazimiki kufuata pembe ya ile iliyotoka kiwandani, wala kuwa na utando ule wa ziada. Mteja anaondoka dukani kwa furaha, anafika barabarani anavaa miwani, haoni kitu, anarudi kusema amewekewa skrini mbovu. Kila skrini mpya iunganishwe kwa flex (waya wake bapa) kabla ya kubandikwa, iwashwe, ichunguzwe kwa miwani ya polaraizi wima na mlalo, mteja akiwa hapo hapo anaangalia. Gundi ikishakauka, kuitoa ni kuivunja.

Kwa wanaobadilisha polaraiza peke yake kwenye LCD iliyochomwa na jua au kuingia madoa: ukiivua ya mbele, skrini inabaki nyeupe tupu. Usishtuke. Picha ipo, jicho tu haliioni. Vaa miwani ya polaraizi na itatokea. Lainisha kwa joto la wastani, anza kubandua kwenye kona, vuta taratibu na kwa usawa wa kioo, si kwa kuinua juu. Gundi iliyobaki ifute kwa aisopropili (spiriti ya kusafishia) na kitambaa kisichoacha nyuzi. Polaraiza mpya huuzwa kwa inchi na kwa pembe, za kawaida zikiwa digrii 0 na 45. Kabla ya kutoa karatasi ya gundi, washa skrini, iweke juu yake, na uizungushe mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli. Ukikosea digrii 90 rangi zinageuka kinyume kama negativu ya picha. Ukikosea 45 picha inafifia usione chochote cha maana. Na usibandike polaraiza ya kawaida ya LCD juu ya OLED ukatarajia iwe kama mwanzo. Bila ule utando wa robo wimbi, ukitoka nje skrini inakuwa kioo cha kujitazamia.

MamaDukaMajengo
Fundi, swali la haraka. Wateja wangu hununua protekta, halafu wanarudi na malalamiko ya rangi rangi za upinde wa mvua, na hilo huonekana wakiwa na miwani tu. Ni protekta mbovu?

FundiMwembeTayari
Mama, si mbovu. Ni ya plastiki. Plastiki ya PET huvutwa kiwandani, na kule kuvutwa kunaifanya iupindue mwanga wenye upande mmoja, kila rangi kwa kiasi chake. Miwani inazichuja rangi hizo bila usawa, ndipo upinde unaonekana. Protekta ya kioo haina tabia hiyo, au inayo kidogo sana. Mteja aliyevaa miwani ya jua muuzie ya kioo. Akitaka ya plastiki, iweke juu ya simu ikiwa bado na karatasi zake, atazame mwenyewe kwanza.

Jambo moja zuri kuhusu plastiki: simu inayozima kabisa ikiwa wima inaweza kusomeka ikibandikwa protekta ya PET, kwa sababu mwanga unapinduliwa kabla ya kufika kwenye lenzi. Rangi hazitakuwa safi, ila giza linaondoka. Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua kipande cha selotepu angavu, kishike mbele ya skrini iliyozimwa na miwani, kizungushe. Mahali penye selotepu patawaka.

Nahodha_Mtwapa
Sisi wa majini hatuwezi kuivua, kwa hivyo neno la "vua miwani" halitusaidii. Bila polaraizi huoni mwamba chini ya maji, na kwenye mlango wa kupita mwambani hilo ni jambo la chombo na roho za watu.

Mng'ao wa bahari unazuilika vizuri zaidi jua likiwa kimo cha kama digrii 37 juu ya upeo, nawe ukitazama upande lilipo. Mwezi wa Machi hapa kwetu ni karibu saa tatu asubuhi, na tena karibu saa kumi alasiri. Adhuhuri ya Machi jua liko utosini, mng'ao unarudi juu bila upande maalumu, na polaraizi inakuwa haina faida zaidi ya miwani nyeusi ya kawaida. Asiyelijua hili hudhani miwani yake imeharibika.

Kwa simu yenye ramani chomboni: fanya jaribio la Kizingo ukiwa bado nchi kavu, ndipo ufunge kishikio. Funga kwa ule mkao unaosomeka, na ukaze uwezavyo, maana mawimbi yakikiinamisha picha inafifia taratibu bila wewe kujua sababu. Skrini za GPS na za kutafutia samaki zipimwe vivyo hivyo kabla ya kutoboa matundu ya skrubu. Iko inayosomeka ukisimama mbele yake, lakini ukiinamisha kichwa begani inakufa.

Mifuko ya plastiki ya kukinga maji nayo huleta mabaka ya rangi, hasa penye mikunjo. Ivute ikae sawa juu ya kioo.

Na faida moja kwa wanaopeleka wageni Mombasa Marine Park kwa boti za kioo: lenzi ya miwani ikiwekwa mbele ya kamera ya simu inakata mng'ao wa maji pichani. Izungushe huku ukitazama skrini mpaka samaki waonekane, ndipo upige. Picha itachukua rangi ya lenzi kidogo. Ya kijivu inaharibu rangi kidogo kuliko ya kahawia.

BodaBuxton
Upande wa barabara:

Simu kwenye usukani ifungwe kwa mkao uliopimwa, kama alivyosema nahodha. Kofia yenye kioo cha polikaboneti pamoja na miwani ya polaraizi huleta mistari ya rangi, hasa ukitazama mbingu iliyo robo mzunguko kutoka lilipo jua. Polaraizi ndani ya kofia ya aina hiyo inachosha macho. Bora kioo cheusi cha kofia bila miwani mchana, na kingine cheupe cha usiku.

Ukifika petroli, inua miwani kabla pampu haijaanza. Tarakimu za pampu nyingi ni LCD, na huwezi kusema ulianza sufuri kama hukuiona sufuri.

Simu ikikaa juani kwenye usukani hupata joto, na ikipata joto hushusha mwangaza yenyewe ili kujilinda. Hapo si suala la pembe. Iweke kivulini dakika chache, itoe kava, chomoa chaji. Usiitie ndani ya friji, umande utaingia ndani.

MamaDukaMajengo
Na anayeuziwa miwani barabarani atajuaje kuwa ni polaraizi kweli? Wote wanabandika kibandiko.

MiwaniKizingo
Dada, tumia hiyo hiyo simu. Shika miwani mkononi, tazama skrini nyeupe kupitia lenzi moja, zungusha robo mzunguko. Ya kweli itafifia sana au kuzima mahali fulani. Ya uongo haitabadilika. Ila tumia simu uliyokwisha kuona inazima kwa miwani ya kweli, maana zile zisizo na polaraiza au zenye utando wa ziada hazizimi. Rudia kwa lenzi ya pili, maana zile zilizoundwa vibaya hupishana: ya kulia inazima mapema, ya kushoto inachelewa. Hiyo usinunue, itakuumiza kichwa, kila jicho likiona mng'ao tofauti. Ukiwa na miwani mbili za kweli, zikingamanishe lenzi kwa lenzi, hapo katikati patakuwa peusi tititi.

Polaraizi si kinga ya miali ya UV (urujuanimno) ya jua. Hayo ni mambo mawili mbali mbali, na hili nalisisitiza kwa sababu ni afya ya macho ya watu. Tafuta alama ya UV400, yaani inazuia miali ya UV hadi nanomita 400. Miwani nyeusi isiyo na kinga ya UV inaifanya mboni ipanuke na miali iingie kwa wingi. Tazama pia namba ya kundi la lenzi upande wa ndani wa mkono wa miwani. Kundi la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, na linafaa pwani yetu. Kundi la 4 hupitisha 3 hadi 8, na halifai kuendeshea chombo chochote barabarani.

Asilimia hizo ndizo sababu skrini huonekana hafifu hata pembe ikiwa sahihi. Kihisi cha mwangaza kiko kwenye simu, hakijui kuwa umevaa miwani. Zima mwangaza wa kujirekebisha, upandishe kwa mkono.

Anayefanya kazi ya kusoma skrini nje kutwa nzima namshauri aagize lenzi ya rangi isiyo polaraizi, kundi la 3, yenye UV400. Atavumilia mng'ao, lakini ataona kila tarakimu. Marubani hushauriwa hivyo hivyo: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haipendekezi polaraizi kwa warushao ndege, kwa sababu ya skrini na vioo vya chumba cha rubani.

Tena, msiache miwani kwenye dashibodi ya gari lililofungwa. Lenzi za bei nafuu ni tabaka zilizogandishwa, joto linazibandua, vinatokea vipovu kuanzia pembeni. Chumvi ya bahari ioshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo kabla ya kupangusa, la sivyo chembe zake zinakwaruza.

BodaBuxton
Na zile za klipu, za kupachika juu ya miwani ya macho?

MiwaniKizingo
Zinafanya kazi, ila klipu lazima ikae sawa. Ikilala upande hata digrii 10, asilimia 3 hivi ya mng'ao uliokuwa uzuiwe inapenya, na giza la skrini linahama kwa digrii hizo hizo. Kaza skrubu za daraja la puani, ipachike, simama mbele ya kioo uone kingo zake zimelingana na fremu, ndipo ufanye jaribio la simu.