Mrejesho: kuacha olanzapini baada ya nafuu

Ahsanteni sana mliojibu. Niliuliza: mgonjwa wa kliniki mwenye sonona yenye saikosisi (kuamini au kusikia mambo yasiyo ya kweli), akishatulia, aachishwe olanzapini (dawa ya saikosisi) abaki na sertralini (dawa ya sonona) pekee? Jibu ni kwamba haraka haifai. Katika utafiti wa STOP-PD II (2019), waliotulia kwa dawa zote mbili walifuatiliwa wiki 36: ugonjwa uliwarudia 20.3% ya walioendelea nazo zote, lakini 54.8% ya waliobadilishiwa olanzapini kwa kidonge kisicho na dawa. Tofauti kubwa mno! Ila olanzapini hupandisha uzito, kwa hiyo apimwe kila anapokuja, pamoja na kiuno. Sukari na mafuta ya damu kwa vipindi. Na aulizwe waziwazi kama anaamini ana dhambi isiyosameheka au viungo vyake vinaoza. Wengi huficha imani hizi za saikosisi, wakatibiwa sonona tu.