Naomba ushauri: DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) ya kuanzia na lenzi ya kwanza kwa mtu wa picha za ndani

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Mwenzenu napiga picha kwa simu miaka mitatu sasa na nimefika mahali simu inanibana. Nina watoto wawili hawatulii hata dakika, halafu ndugu wakikutana jioni mimi ndo huitwa kupiga picha, na kila nikipiga ndani kwa mwanga wa balbu mikono inatoka ukungu na nyuso zinakuwa kama zimepakwa rangi ya maji, nywele hazionekani moja moja. Inaniuma kwa sababu siku zenyewe hazirudi.

Nimejichanga lakini bajeti ni ndogo. Mmoja kaniambia chukua Canon 4000D mpya, mwingine kasema bora Nikon D3500 iliyotumika, wa tatu kasema achana na DSLR kabisa nenda kwenye hizi mpya zisizo na kioo ndani. Halafu nimeona kifurushi cha Canon chenye lenzi mbili, 18-55 na 75-300 (ni milimita, namba ikipanda inavuta karibu zaidi), nikaona mbona huu ndo mpango mzima. Nitakuwa nakosea? Naomba kuwasilisha.

Fundi Nuru
Mkuu, soma tena ulichoandika: watoto hawatulii, ndani, jioni. Tayari umeshajijibu, na jibu ni lenzi wala si bodi (kamera yenyewe bila lenzi).

Iko hivi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka 55 tundu lake la kupitisha mwanga linaishia f/5.6. Lenzi isiyo na zumu kama 35mm f/1.8 inafunguka mpaka f/1.8 (namba ikiwa ndogo tundu ndo kubwa, hili huwachanganya wengi mwanzoni), na ukipiga hesabu inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile. Maana yake pale ulipokuwa unadaiwa ISO 6400 (ISO ni jinsi kamera inavyokuza mwanga, ikipanda sana picha inachafuka) unapiga kwa 640 hivi picha inabaki safi, au unabaki na ISO ileile unapandisha shata (kasi ya kupiga, kwa sehemu ya sekunde) kutoka 1/30 mpaka 1/250 na chenji inabaki. 1/30 mtoto akigeuza shingo tu umempoteza, 1/250 unampata. Hakuna bodi ya kuanzia utakayobadilisha ikakupa tofauti ya ukubwa huo.

Hiyo 75-300 achana nayo kwa sasa. Haina kituliza mtikisiko, na ukivuta mpaka 300 inataka shata ya 1/500 hivi kwa mkono mtupu, ndani ya nyumba mwanga huo utautoa wapi? Siku ukitaka kuvuta vitu vya mbali tafuta 55-250 IS STM (IS ndo hicho kituliza mtikisiko), picha zake ni kali zaidi kwa kiasi kikubwa.

Mama Pacha
Naunga mkono hapo juu ila mleta mada sikiliza hili maana mimi liliniumiza. Nilikuwa na Nikon D3300, nikasoma kwamba 50mm f/1.8 ndo lenzi ya kila anayeanza, nikapata iliyotumika imetunzwa vizuri, kioo kinang'aa. Nimefika nyumbani nimeipachika, nabonyeza kitufe nusu, kimya. Hakuna kinachozunguka. Nikadhani nimeuziwa mbovu, kumbe ilikuwa nzima kabisa, ni ile yenye herufi D mwishoni na kamera za familia ya D3000 na D5000 zote hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Bodi kama D7000 na ndugu zake ndo zinayo. Nikawa nafokasi kwa mkono huku pacha wangu wanakimbia, hebu fikiria.

Kwa hiyo ukienda Nikon, kwenye lenzi tafuta maandishi AF-S, maana yake mota iko ndani ya lenzi. AF-P nazo ni nzuri na D3500 inazikubali, ila bodi za zamani kama D3100 na D5100 haziwezi kufokasi nazo. Canon hawana habari hii, lenzi za EF na EF-S zenye fokasi ya otomatiki mota iko ndani ya lenzi tangu mfumo uanze 1987.

Jambo la pili, 50mm ndani ya nyumba inabana. Kwenye senso (kile kipande kinachopokea picha) za kamera hizi ndogo inaona kama 75mm kwa Nikon na 80mm kwa Canon, nilikuwa nimegandisha mgongo ukutani na bado mtu mmoja anakatwa. Chukua AF-S DX 35mm f/1.8G. Kwa Canon ipo 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama kifuniko na inaona pana vizuri, ila kwa mwanga haifiki 1.8.

Jicho Kali
Mimi nawatetea wa Canon kidogo lakini siyo 4000D. Ile wamepunguza mpaka basi: megapikseli 18, mdomo wa kupachikia lenzi ni plastiki, na haina kile kigurudumu cha kurekebisha macho kwenye kitundu cha kuchungulia, kama unavaa miwani utateseka. Kama Canon basi tafuta 200D ya 2017 iliyotumika, megapikseli 24, skrini inageuka na ukipiga kwa kutumia skrini fokasi yake ina kasi, unaishusha kamera mpaka usawa wa macho ya mtoto bila kulala chini.

Na kingine watu hawasemi. 2000D, 4000D na 250D ile sehemu ya juu ya kupachika flashi wameondoa pini ya katikati, flashi nyingi za bei nafuu za makampuni mengine haziwaki pale. 200D inayo. Nalisema kwa sababu flashi ukiielekeza darini badala ya usoni inaokoa sana picha za jioni, mwanga unashuka laini kutoka juu na vivuli vya ukutani vinapotea.

Mleta mada
Asanteni sana, kumbe nilikuwa nanunua lenzi mbili ambazo zote hazitatui shida yangu. Vipi kuhusu zisizo na kioo? Na ya kutumika naikaguaje, naogopa kuingizwa mjini.

Fundi Nuru
Ni kweli Canon na Nikon nguvu zao zote sasa ziko kwenye zisizo na kioo, hilo sitakudanganya. Lakini kwa bajeti ndogo huo ndo uzuri wenyewe, watu wanahama na DSLR nzima kabisa zinauzwa. Nikon wanatumia mdomo wa F tangu 1959, lenzi zimejaa. Betri ya D3500 kwa kipimo cha kiwandani inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, sherehe inaisha yenyewe ipo.

Ukaguzi: nenda na tochi. Toa lenzi, fungua tundu lote, mulika upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, iache hata kama muuzaji anakwambia inafutika. Vumbi kidogo halina neno. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, kuza picha, madoa meusi yasiyohama picha hadi picha yako kwenye senso, mengi husafishika lakini mkwaruzo hausafishiki. Nikon idadi ya shata (mara ambazo kamera imeshapiga) inasomeka kwenye faili la picha isiyoguswa, bodi hizi shata yake imepimwa kwa mipigo 100,000 hivi, kwa hiyo ya 15,000 bado mbichi.

Mleta mada
Mrejesho wakuu. Ya kwanza niliyoenda kuona nimemulika tochi, kwenye ukingo wa kioo cha nyuma cha lenzi kuna vijinyuzi vyeupe vimetandaa kama mizizi, nikashukuru nikaondoka. Ya pili D3500 na 18-55 yake, shata 12,400, nimeichukua, na baada ya wiki mbili nikapata 35mm f/1.8G. Jana jioni nimepiga sebuleni, balbu moja, f/2, 1/200, ISO 1600. Kope za mdogo zinahesabika! Mama yao kaishika kamera hataki kuirudisha.

Swali moja: mdogo kakaa mbele katoka safi, kaka yake yuko nyuma kama hatua moja katoka ukungu. Nimekosea fokasi?

Mama Pacha
Hongera sana jamani, kope tena! Hujakosea, kwenye f/2 ukiwa karibu eneo linalotoka kali ni jembamba mno. Wapange usawa mmoja kutoka kwenye lenzi, au funga mpaka f/4 na upandishe ISO, na fokasi iweke kwenye jicho la aliye karibu.